Mstari wa mwani: mahali kasa wachanga na mafuta hukutana

Ukiitazama Ghuba ya Meksiko kutoka kwenye ndege ndogo, siku ya upepo mdogo, unaona mistari ya rangi ya dhahabu iliyofifia ikikata maji ya buluu. Mingine ina upana wa mita mbili tatu tu, lakini inakwenda kilomita na kilomita. Ni mwani wa sargasamu, ule usioshika mwamba wala mchanga. Huelea maisha yake yote kwa vifuko vya hewa vidogo mfano wa zabibu. Hujipanga hivyo pale mikondo miwili inapokutana. Maji yakigongana hushuka chini, kinachoelea hakishuki, basi hubaki kimerundikana juu: mwani, povu, vipande vya mbao, chupa, na kasa wachanga wa ukubwa wa sahani wanaojificha humo miaka yao ya mwanzo.

Mafuta nayo huelea, na mkondo huyasukuma kwenye mstari uleule.

Naomba msomaji alishike hili kabla ya takwimu yoyote, kwa sababu ndilo linaloeleza kwa nini umwagikaji wa mafuta mbali na pwani huwaumiza kasa kuliko inavyoonekana. Hawakutani na mafuta kwa bahati mbaya. Nguvu inayowaletea chakula na maficho ndiyo hiyohiyo inayowaletea lami, yaani mafuta yaliyogeuka mazito na kunata.

Mfano uliochunguzwa kuliko yote ni kisima cha mafuta cha Macondo. Tarehe 20 Aprili 2010 mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka kilomita 66 hivi kutoka pwani ya Louisiana, Marekani, na kuua wafanyakazi 11. Mdomo wa kisima ulikuwa mita 1,500 chini ya maji. Mafuta yalibubujika siku 87, hadi kisima kilipozibwa 15 Julai. Mahakama baadaye iliamua kuwa mapipa milioni 3.19 yaliingia baharini, na pipa moja ni lita 159. Ukijumlisha kila mahali utando wa mafuta ulipopita katika miezi hiyo, unapata eneo la takriban kilomita za mraba 112,000, yaani mara 45 hivi ya Unguja na Pemba kwa pamoja.

Ghuba hiyo ina aina tano za kasa, na zote zinalindwa kisheria: kasa wa kijani, ng'amba, duvi, kasa ngozi, na kasa wa Kemp, aliye mdogo kuliko kasa wote wa baharini. Huyu wa mwisho ndiye aliyeumia zaidi, maana sehemu kubwa ya maisha yake iko ndani ya Ghuba. 

Tuangalie mafuta yanavyomwingia. Kasa akiibuka hapumui kidogokidogo kama sisi. Anatoa pumzi kwa nguvu, anavuta moja kubwa inayobadilisha sehemu kubwa ya hewa ya mapafu, kisha anazama nayo. Juu ya mafuta mapya kuna mvuke wa benzini na jamaa zake, umelala sentimita chache tu juu ya maji, palepale pua yake inapotokea. Akifika chini, shinikizo la maji huubana mvuke huo ndani ya mapafu. Halafu kuna umio. Umio la kasa lina miiba laini mingi iliyoelekea tumboni. Humzuilia chakula wakati anatema maji ya chumvi. Donge la lami likishapita hapo halirudi. Hung'ang'ania kati ya miiba, na kila anachomeza baadaye hupitia juu yake. Kasa hana hisia ya kuyakwepa mafuta. Hula humo, huibuka humo, na huyauma madonge akidhani ni chakula.

Jambo moja liliwashangaza wengi. Madaktari wa wanyama walipopima damu ya kasa waliookolewa mwaka 2010, hawakukuta hasa dalili za sumu ya ghafla kwenye ini au figo. Walikuta wanyama waliochoka kupita kiasi, waliokauka maji, wenye damu iliyojaa tindikali kwa kuhangaika. Ukitafakari, inaeleweka. Kasa wa sentimita 20 aliyepakwa lami nzito hawezi kupiga makasia yake. Mwani umemgandia shingoni, mdomo umezibwa, mgongo umekuwa mweusi na jua la Juni linamchoma. Hufa kwa kunaswa na kwa joto kabla sumu haijamaliza kazi yake. Ndiyo maana aliyewahiwa alikuwa na nafasi nzuri ya kupona, na aliyeachwa siku moja zaidi hakuwa nayo.

Kuwahi kwenyewe kulikuwa kazi ngumu. Boti za uokoaji zilitoka alfajiri, ndege ikizielekeza kwenye mistari ya mwani. Huko ziliufuata mstari polepole, watu wawili wamesimama mbele na nyavu ndogo zenye mpini mrefu, maana kichwa cha kasa aliyepakwa lami hakitofautiani na donge la mwani mpaka umkaribie mita chache. Akishatolewa majini, mpangilio wa kazi ni muhimu. Glavu kwanza, kwa ajili ya mwokoaji. Kisha kitambaa cha kuchukua sampuli ya mafuta kutoka kwenye gamba, kwa sababu bila sampuli hiyo mwenye kisima anaweza kukana kuwa ni mafuta yake. Picha na vipimo. Baada ya hapo macho, pua na mdomo hupanguswa kwa shashi. Kasa hawekwi kwenye ndoo ya maji hata kama anaonekana ana kiu ya bahari: aliyedhoofika huzama na kufa mbele ya macho yako. Hukaa kwenye kasha lenye taulo yenye unyevu, kivulini, penye hewa.

Nchi kavu ndipo usafi wenyewe hufanyika, na dawa yake kuu inauzwa dukani: mayonesi. Lami haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta, hivyo mafuta ya kupikia huilainisha. Lakini mafuta ya kupikia peke yake hubaki kinywani. Mayonesi ni mafuta yaliyoshikamana na maji kwa kiini cha yai, kwa hiyo huilainisha lami na baadaye hukubali kuoshwa. Shashi hupakwa, hupitishwa taratibu kwenye ulimi, kaakaa na mwanzo wa umio, hutupwa, huchukuliwa nyingine, mpaka itoke safi. Gamba na ngozi hupata mafuta ya kupikia, kisha sabuni ya kuoshea vyombo iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu na mswaki laini, kisha kusuuzwa sana. Kosa la kawaida ni kuanza na sabuni. Sabuni kwenye lami iliyoganda haifanyi chochote ila kumchubua mnyama na kumwongezea muda wa mahangaiko. Kisha hutiwa maji mwilini kwa sindano na kuwekwa kwenye tangi safi. Kinyesi kinaweza kuendelea kutoka cheusi kwa siku kadhaa. Zaidi ya kasa 450 wenye mafuta waliingia vituoni wakiwa hai mwaka huo, na walio wengi sana walirudishwa baharini.

Wakati huohuo kazi ya kuondoa mafuta nayo ilifanyika juu ya mistari ileile. Mafuta hayawaki yakiwa utando mwembamba. Yanahitaji unene wa milimita 2 au 3. Hivyo boti mbili huvuta kizuizi kisichoungua, kimekunjwa kama kiatu cha farasi, kwa mwendo wa pole sana, hadi mafuta yarundikane nyuma yake, ndipo moto huwashwa. Sasa mahali penye mafuta mazito ni wapi? Ni pale mikondo inapokutana. Moto wa aina hiyo uliwashwa mara 411. Baada ya malalamiko na kesi mahakamani, waangalizi waliwekwa kwenye boti ili wakague mwani na kutoa kasa kabla ya kuwasha. Kwangu mimi hilo lilipaswa kuwa sharti la moto wa kwanza.

Kemikali za kutawanya mafuta zina hesabu yake. Takriban lita milioni 7 zilitumika, nyingine zikipulizwa na ndege, nyingine zikiingizwa moja kwa moja kwenye mdomo wa kisima. Haziondoi mafuta, huyavunja kuwa matone madogo yanayoshuka ndani ya maji. Ndege wa baharini hupata nafuu, lakini mayai na mabuu ya jodari, ambao walikuwa msimuni kuzaana, hupata mafuta zaidi. Majaribio yalionyesha pia kuwa mwani wa sargasamu ukikutana na mchanganyiko wa mafuta na kemikali hizo huzama. Ukizama, kasa wachanga wamepoteza nyumba.

Turudi kwenye hesabu ya vifo. Mizoga ya kasa zaidi ya 600 ilipatikana katika msako ule, na wachache sana kati yao walikuwa na mafuta yanayoonekana. Wengi wao walionekana wamekufa maji, jambo ambalo nyavu za kukokota za wavuvi wa kamba husababisha. Mtu angeweza kusema: basi mafuta hayakuua sana. Lakini hao walikuwa hasa wakubwa wa karibu na pwani. Mtoto wa kasa akifa mbali huko huzama, huliwa na papa au huoza ndani ya mwani. Hata nyangumi na pomboo, wenye miili mikubwa, utafiti wa Ghuba hiyohiyo ulikadiria kuwa kwa wastani mzoga hupatikana kwa vifo 2 tu katika kila 100.

Kwa hiyo wataalamu walihesabu walio hai. Walipima kasa wangapi wako katika kila kilomita ya mraba ya mistari iliyokaguliwa, wakawagawa kwa kiwango cha mafuta mwilini, kisha wakazidisha kwa eneo la utando kama lilivyoonekana kwenye picha za satelaiti. Aliyepakwa sana walimhesabu kuwa amekufa. Kwa waliopakwa kidogo walikadiria vifo vya asilimia 30. Makadirio yakatoka: kasa wachanga takriban 402,000 walikutana na mafuta, na kati ya 55,000 na 160,000 walikufa. Zaidi ya nusu ya waliokutana nayo walikuwa kasa wa Kemp. Wakubwa waliokufa walikadiriwa kuwa kati ya 4,900 na 7,600.

Ili vifaranga wa msimu huo wasiogelee moja kwa moja kwenye mafuta, viota vipatavyo 275 vya pwani ya Alabama na kaskazini mwa Florida vilifukuliwa na kupelekwa upande wa Atlantiki. Ilikuwa hatua ya kukata tamaa, nami naiona ilistahili. Yai la kasa haligeuzwi: saa chache baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza juu ya ganda, na ukiliviringisha unakikata. Ama ulihamishe mapema kabisa, ama usubiri mpaka kijusi kikaribie kuanguliwa. Wao walichagua kusubiri takriban siku 50. Kila yai lilichukuliwa kwa mkono bila kubadili upande wa juu, likapangwa na mchanga wa kiota chake kwenye makasha mepesi kama yale ya kubebea samaki na barafu, likasafirishwa kwa lori lenye joto lililodhibitiwa. Vifaranga karibu 15,000 waliachiwa Atlantiki. Ila jike hurudi kutaga pwani aliyoanzia safari, kwa hiyo haijulikani ufukwe upi watauita kwao.

Pwani ya Pangani kazi hiyo inafahamika kwa njia ya kwanza, ile ya kuhamisha mayai mapema. Mayai yanayotagwa kisiwa cha Maziwe huhamishiwa Ushongo, kwa kuwa bahari ikijaa hukifunika kisiwa. Na kaskazini ya hapo, Chongoleani, Tanga, ndipo bomba la kilomita 1,443 kutoka Uganda linapofikia bahari, jirani na hifadhi ya silikanti, samaki wa kale, iliyotangazwa mwaka 2009. Mafuta ya Uganda hayafanani na ya Macondo. Yana nta nyingi, hadi bomba linapashwa joto la nyuzi 50 hivi yasigande njiani. Yakimwagika kwenye maji ya nyuzi 27 hayatatandaa sana wala kuvukiza upesi, yataganda mabonge. Kwa pua ya kasa ni nafuu, kwa umio wake ni balaa, na kifaa cha kuchota mafuta mepesi hakitafanya kazi hapo, panahitajika nyavu. Anayepanga dharura ya Tanga kwa kunakili vifaa vya Louisiana anajiandalia mafuta mengine.

Katika Ghuba kuna mnyama mwingine ambaye hesabu yake ni fupi na nzito. Nyangumi wa Rice alitambuliwa rasmi kuwa spishi ya peke yake mwaka 2021. Wamebaki 50 hivi duniani kote, wote humo. Utando ulifunika karibu nusu ya makazi yao, na tathmini ya serikali ilikadiria kuwa idadi yao ingeweza kupungua kwa asilimia zisizozidi 22 kwa sababu ya mafuta hayo.

Na kasa wa Kemp? Mwaka 1947 filamu iliyopigwa Rancho Nuevo, Meksiko, ilionyesha maelfu kwa maelfu ya majike wakitaga mchana mmoja. Mwaka 1985 viota vyote vya mwaka mzima vilikuwa 702. Ulinzi wa ufukwe na vizimba vya kuwatolea kasa kwenye nyavu za kamba viliwapandisha mwaka hadi mwaka, hadi takriban viota 20,000 mwaka 2009. Mwaka 2010 vilishuka hadi 13,000 hivi. Wengine wanalaumu baridi kali ya miezi ile au uhaba wa chakula, na mimi singeyatwika mafuta anguko lote la mwaka ule. Lakini kupanda kule kwa kila mwaka hakujarudi. Idadi sasa hupanda na kushuka. Jike wa Kemp hutaga mara ya kwanza akiwa na miaka 10 au zaidi, kwa hiyo wachanga waliokuwa kwenye mwani mwaka 2010 ndio ambao wangekuwa wanapanda ufukwe wa Rancho Nuevo miaka hii.