Migomba Hutembea

Jumamosi, Juni. Saa moja asubuhi ukungu bado umelala kihambani, yaani shamba letu la nyumbani la Kichagga, na majani ya migomba yanadondosha maji utadhani mvua inanyesha. Masika yamekwisha, kwa hiyo ndiyo kwanza kazi inaanza. Nimevaa mabuti ya marehemu baba, panga mkononi. Siku za baridi kama hii Mama hukaa jikoni karibu na moto, lakini leo amejikongoja na fimbo yake hadi kwenye shina la kwanza. Nilipoinua panga akasema, "Usikate. Tazama kwanza."

Kihamba chetu kipo Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kama ekari mbili hivi. Mgeni akiingia huona pori. Juu kabisa kuna miti mirefu ya kivuli, mruka na miringaringa, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, na viazi vikuu vimepanda miti. Mpaka wote ni masale, mimea ya kuwekea mipaka. Huwezi kupata mstari ulionyooka humu, ila hakuna kitu kilichojiotea tu.

Kazi ya leo ni kupunguza machipukizi. Shina moja la mgomba linatakiwa kubaki na vizazi vitatu: mama aliyebeba mkungu, mtoto anayemfuata, na mjukuu. Masika yakipita unakuta vichipukizi saba, vinane, vyote vinamnyonya mama mmoja. Mwaka juzi, nilipoanza kushika kazi hii peke yangu, niliacha yale yenye majani mapana kwa sababu yalipendeza macho. Nikaja kuvuna mikungu ya mshare, ndizi zetu za kupika, ya kutia huruma. Mama hakunigombeza. Alinipeleka shambani, akafukua udongo kwa ncha ya fimbo na kunionyesha: lile la majani mapana limejishikiza juujuu tu, halina nguvu. Lile jembamba, majani yake kama upanga, ndilo limetoka chini kabisa kwenye tunguu, lile shina nene la ardhini, la mama yake, limeshiba.

Leo nimejifunza la pili. Mgomba hutembea. Mtoto huota pembeni mwa mama, mjukuu pembeni mwa mtoto, na baada ya miaka shina zima limehama hatua kadhaa. Ukiacha chipukizi la upande wa kahawa, unauelekeza mgomba ukaikalie kahawa. Nilisimama nikatazama kihamba chote upya. Ile nafasi kati ya mibuni na migomba, ambayo siku zote niliiona ipo tu, baba aliichagua. Kila mwaka, chipukizi moja moja, kwa panga hili hili.

Nikakata. Unapitisha panga chini usawa wa ardhi, kisha unachimbua kitovu cha chipukizi, la sivyo wiki mbili tu limerudi. Vigogo vilivyokwisha kuzaa nilivipasua katikati na kulaza vipande viwili vitatu kifudifudi kando ya mashina. Fukusi, wadudu wanaotoboa migomba, hupenda kujificha humo. Baada ya siku tatu nitavigeuza, niwaokote na kuwaua. Vingine nimevikatakata vikawa matandazo pamoja na majani makavu.

Kwenye kahawa nimetoa maotea tu, vile vichipukizi visivyohitajika, sikukaa sana. Baadhi ya majirani wameng'oa mibuni ya zamani na kupanda miche chotara kutoka TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyopo Lyamungo, ile inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, na nadhani wamefanya vizuri. Sisi tumepanda michache pembeni. Mibuni ya babu imebaki. Kilema ni miongoni mwa sehemu ambako wamisionari waliotesha kahawa ya kwanza mlimani mwishoni mwa karne ya 19, na babu alikuwa akilisema jambo hilo kama mtu anayetaja ukoo wake. Siwezi kuing'oa Mama angali anaiona.

Saa sita tulifika shina la mwisho, karibu na kaburi la baba. Lilikuwa na machipukizi membamba mawili, yote mazuri. Moja limeelekea njiani, jingine limeelekea kaburini. Nilitaka kuacha la njiani, kuna nafasi. Mama akaligusa lile jingine kwa fimbo.

"Hili. Liache limsogelee."

Nikapiga magoti, nikakata la njiani.