Saa aliyorudishiwa Mama

Mwanangu wa mwisho hujifanya anamalizia hesabu mezani ili asikilize taarifa ya habari. Ilikuwa ile wiki ya Kwa Binzaro, mwaka 2025, makaburi mengine yalipofukuliwa huko Kilifi, Kenya, jirani na Shakahola, ule msitu walimokutwa wamefukiwa mamia ya wafuasi wa mhubiri aliyewafungisha kula hadi kufa. Taarifa ilipokwisha akauliza, "Mama, kwani wale watu walifungwa kamba?"

Nikamwambia hawakufungwa.

"Sasa mbona hawakuondoka?"

Baba yake akaniangalia. Nikamwambia mtoto akalale.

Wanaonisoma tangu zile habari za Bibi na tenga lake la kabichi watakumbuka nimewahi kugusia "kule tulikokaa baada ya Baba", nikapita upesi. Leo nitakaa hapo kidogo. Lilikuwa kundi la maombi. Jina lake sitalitaja, wala la kiongozi wake, tuliyemwita Mtumishi. Amekwisha kufa, na ana watoto wanaojitafutia riziki zao.

Baba alifariki mwanzoni mwa 1998, mvua za El Nino zikiwa hazijatulia, mwaka na kitu baada ya kupunguzwa kazini. Ndugu walikuja, wakalia, tanga likaanuliwa, wakarudi makwao. Barabara ya Mgeta, kule milimani kwao Mama, ilikuwa imekatika, hata Bibi hakuwahi maziko. Waliobaki nasi ni watu tusiowajua, wanawake wa kikundi cha maombi. Walikuja na kuni zao wenyewe, wakasugua masufuria kwa majivu, wakafua mashuka ya mgonjwa ambayo hakuna shangazi wala jirani aliyetaka kuyagusa. Wiki iliyofuata wakarudi, na iliyofuata tena. Hawakuhubiri. Mmoja wao, waliyemwita Mama Mlezi, alikuwa akikaa na Mama uani wakichambua mchele, na kazi yake kubwa ilikuwa kusikiliza. Watu huniuliza mlinaswaje, nyie watu mliosoma. Tulifuliwa mashuka, basi.

Yaliyofuata hayana ugeni. Ibada ya Jumatano, kisha mkesha wa Ijumaa, kisha redio ikawa ya shetani, kisha ndugu wasio wa nuru wakawa wa kusalimiwa mlangoni. Mtumishi hakuwa mtu wa kelele. Alisema kwa sauti ya chini, ukitaka kumsikia lazima usogee. Na alikuwa bingwa wa kuunganisha mambo: MV Bukoba imezama Mei 1996, zikaja mvua za El Nino, tarehe 7 Agosti 1998 bomu likalipuka ubalozi wa Marekani Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alipofariki London, tarehe 14 Oktoba 1999, hakuhitaji hata kufafanua. Alisema tu, "Mmeona?" Nchi nzima inalia, sisi tunahesabu ishara. Na hakuna alichokitaja ambacho hakikutokea. Ungembishia wapi?

Wakati huo tulishahamia kwenye eneo lao nje ya mji wa Morogoro, upande wa barabara ya Iringa. Nyumba yetu ya Kichangani ilipangishwa, kodi ikipokelewa na watu wa madhabahu. Mtihani wa darasa la saba sikuufanya.

Ila Jumapili ninayotaka kuisema ni ya kabla ya msiba wa Mwalimu.

Kila aliyehamia kule aliweka mali zake mbele. Mama aliweka cherehani, kitanda cha mninga, vitenge vyake vya harusi. Hakuweka saa ya Baba. Ilikuwa Seiko ya mkanda wa chuma, Baba aliinunua kwa kiinua mgongo chake siku ileile alipochukua hundi, na Bibi alimsema sana kwa ufujaji ule. Mama aliifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaizamisha katika kopo la mafuta ya kula lililokuwa limebaki na mafuta chini, kopo likakaa nyuma ya jiko la mchina. Saa zile hazina betri. Zinajazwa na mwendo wa mkono. Ukiiacha imelala, inasimama. Kwa hiyo kila usiku, akidhani tumeshalala, Mama aliitoa akaitikisa taratibu, kama anayembembeleza mtoto, mpaka aisikie inatembea, ndipo akairudisha.

Alhamisi alimwambia Mama Mlezi. Mimi nilikuwa kizingitini natoa vichwa vya dagaa, sikufichwa. Alimweleza yote, kopo, mafuta, kutikisa. Mama Mlezi akamshika goti, akasema, "Hayo yatabaki kwetu wawili, mdogo wangu."

Jumapili ukumbi ulikuwa umejaa, mabati yanatoa joto. Katikati ya wimbo Mtumishi aliinua mkono, kwaya ikakatika. Akafumba macho. Akasema anaona kitu cha mviringo. Akangoja. Kinalia, akasema, kinalia kidogo sana, gizani. Akavuta pumzi ndefu kwa pua. Kinanuka mafuta. Watu wakaanza kuguna. Nilikuwa ubavuni mwa Mama, nikauona mkono wake umekamata upindo wa kanga, unatetemeka. Mtumishi akasema, bila kufumbua macho, kwamba humu ndani kuna mjane anayemtikisa marehemu wake kila usiku asipumzike.

Mama alipiga yowe. Akatoka mbio bila viatu. Chumba chetu hakikuwa mbali, na muda wote ule watu waliimba polepole wakimngoja. Alirudi na kopo zima. Alikuwa ameshindwa kuufungua ule mfuko, mafuta yamempaka mpaka kwenye viwiko. Akapiga magoti, akaliweka kopo madhabahuni.

Niliwahi kuona wengine wakiumbuliwa pale mbele, nikajua sasa zamu yetu. Mtumishi akashuka. Akaifungua nailoni mwenyewe, akaitoa saa, akaifuta kwa leso yake nyeupe: kioo, mkanda pingili kwa pingili, hata kule nyuma kwenye namba ndogondogo. Ukumbi mzima unamwangalia. Akaiweka sikioni, akatabasamu. Kisha akamshika Mama mkono, akamvalisha. Ilikuwa kubwa, ikamteremka mpaka katikati ya mkono. Akasema Mungu hakutaka saa, alitaka moyo. "Nenda nayo, mama yangu."

Sijapata kumwona mtu akilia vile. Mama hakulia vile hata siku tuliyomzika Baba.

Usiku alilala nayo mkononi. "Alijuaje?" akawa anasema gizani. "Alijuaje mtu yule?"

Nikamwambia, "Mama, si ulimwambia Mama Mlezi Alhamisi? Na mimi nilikuwepo."

Aligeuka akaniangalia kwa huruma. "Mama Mlezi hawezi kusema, mwanangu."

Hakukasirika. Wala hakukana kwamba alimwambia. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja kichwani mwake bila kugombana. Kwa miaka mingi nilidhani huo ni upofu tu. Siku hizi nadhani alikuwa akipiga hesabu, ingawa siwezi kuapa: akikubali kwamba Mama Mlezi alisema, itabidi akubali na mengine, hadi yale mashuka. Atabaki na nini? Mume hana, ndugu amewafungia mlango, nyumba si yake tena.

Haukupita muda, aliipeleka saa mwenyewe bila kuombwa, pamoja na hati ya kiwanja cha Kichangani. Njaa kule ilikuwepo, na vitisho, na usingizi wa kugawiwa kwa zamu. Lakini nikimfikiria Mama naona kilichomfunga ni kurudishiwa. Mtu aliyekunyang'anya unaweza kumchukia. Aliyekurudishia mbele ya watu utamlipa nini?

Mwisho wa dunia ulipangwa usiku wa 31 Desemba 1999. Tukakesha. Majogoo yakawika. Mtumishi akasema maombi yetu ndiyo yaliyosogeza hukumu, na watu wakacheza mpaka jua likawa kali, Mama mstari wa mbele. Kule Kanungu, Uganda, kundi la akina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilikuwa limewekeana tarehe hiyohiyo, nalo likaamkia asubuhi ya kawaida. Huko waumini walianza kudai mali zao. Tarehe 17 Machi 2000 mamia wakateketea ndani ya jengo la ibada lililopigiliwa misumari milango na madirisha. Sisi hatukusikia, redio tulishaiacha. Bibi alisikia.

Bibi, kila alipoteremka kuuza kabichi na njegere soko kuu la Morogoro, alipitia getini kwetu. Haruhusiwi kuingia. Alikaa juu ya tenga tupu, akamwambia mlinzi, "Mwambieni mwanangu nimepita," akaacha kabichi moja, akaenda zake. Hakutukana, hakuuliza tutatoka lini. Naamini kabichi nyingi zililiwa na mlinzi, lakini salamu zilifika.

Baada ya habari za Kanungu alikuja na Mjomba. Anayewajua Waluguru anajua mjomba ni nani; ardhi inafuata upande wa mama, na kaka wa mama ana kauli. Mjomba alimwamkia Mtumishi kwa adabu zote, kofia mkononi. Akaeleza kwamba ukoo unagawa mashamba, na sehemu ya dada yake haiwezi kutoka bila yeye na wanawe kuwepo. Mtumishi akauliza ni ekari ngapi. Mjomba akataja idadi ambayo kwa matuta yale ya Mgeta, yanavyoning'inia mlimani, hata ukoo mzima haunayo. Tukapewa ruhusa ya siku mbili.

Masika ikafanya kazi iliyobaki. Barabara iliporomoka, magari hayapandi wala kushuka. Siku za mwanzo Mama aligoma kula, akaomba ameelekea ukutani. Bibi alimwachia sahani, akaenda shamba. Hakumtaja Mtumishi hata mara moja, na sisi watoto tulikatazwa kumtaja. Kisha asubuhi moja akamletea jembe. "Matuta ya njegere yameshuka na maji, nisaidie." Wakalima mpaka mchana, Mama akarudi akaanguka kitandani akalala hadi jioni, na hakuna aliyemwamsha.

Barabara ilipofunguka alifunga kifurushi chake, akakaa nacho barazani. Gari likaja, likapakia viazi, likaondoka. Kesho yake hivyohivyo. Siku ya kutoka mikononi mwa Mtumishi, kama watu wanavyopenda kuisimulia, mimi sina ya kuwatajia. Kile kifurushi kilikaa barazani mpaka kuku wakaanza kutagia pale.

Shakahola ilipofumuka Aprili 2023 Mama aliifuatilia yote bila kusema neno: miili ikapita 400, Paul Mackenzie, dereva teksi wa zamani aliyegeuka mhubiri huko Malindi, akikana mashtaka. Kilichomfumbua mdomo ni Juni, wale 65 waliookolewa walipopelekwa mahakamani Shanzu kwa kosa la kujaribu kujiua, eti wamegoma kula kituoni. "Mahakamani!" akasema. "Mtu amekataa chakula, wewe unampa kesi. Mama yangu angewapa jembe."

Baadaye kidogo akaongeza, "Lakini yule wetu hakuwa kama huyu."

Sikubisha. Yule wetu alipokufa Mama alikwenda kumzika, nami nilikuja kuambiwa na mdogo wangu. Nilimuuliza kama aliiulizia saa. Akanijibu msibani hakuulizwi saa.

Sasa amepata kikundi kingine cha maombi, huko Kihonda. Mwezi uliopita nilijialika. Wanaimba vizuri, wana chai na vitumbua, mhazina anasoma hesabu mbele ya kila mtu. Niliuliza kama mgeni anaweza kuondoka kabla ya kufunga, wakacheka, wakanionyesha mlango ulivyo wazi. Nikauliza mwenyekiti anachaguliwaje. Kwenye daladala Mama hakunisemesha mpaka Msamvu, na hapo alikuwa anatafuta nauli tu.

"Ukimaliza kunilinda uniambie," akasema. "Jumamosi nina zamu ya kupika."