Impreza iliyochemsha mlima wa Mai Mahiu: nilivyotafuta chanzo kabla ya kufungua injini

Gari langu lilichemsha kwa mara ya kwanza nilipokuwa nikirudi Nairobi kutoka Naivasha, nilikokwenda kutazama Safari Rally. Tulikuwa tumeupita mji wa Mai Mahiu na kuanza kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Limuru, nyuma ya msururu wa malori, na kila nilipopata nafasi ya kulipita lori nilikanyaga mafuta hadi turbo ikajaa presha. Kabla hatujafika juu, geji ya ziada niliyokuwa nimeifunga ilisoma digrii 108, ilhali mshale wa dashibodi ulikuwa ndio kwanza unaanza kuondoka katikati. Niliegesha gari pembeni, nikaacha injini ingurume polepole huku feni zikizunguka, na baada ya dakika chache joto likashuka hadi 94.

Ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2004, yenye injini ya EJ20. Aliyeniuzia alikuwa ameondoa intakula ya kiwandani, yaani kifaa kinachopoza hewa inayosukumwa na turbo kabla haijaingia kwenye injini, ile inayokaa juu ya injini na kupata hewa kupitia tundu la boneti, akafunga kubwa zaidi mbele ya rejeta. Alikuwa pia amebadilisha ekzosi nzima, na kompyuta ya injini ilikuwa imepangwa upya ili turbo isukume presha zaidi.

Fundi wa kwanza niliyempelekea hakuligusa gari hata kwa spana moja. Alisikiliza maelezo yangu, akaona mapovu machache kwenye tangi dogo la maji, akasema ni gasketi za hedi, yaani vizibo vilivyo kati ya silinda na vichwa vyake, na kwamba injini ishushwe. Sikumlaumu kwa kushuku hivyo, kwa sababu injini hii ya boksa, ambayo silinda zake zimelala mbili upande huu na mbili upande ule, ina hedi mbili na gasketi mbili, na ugonjwa huo unajulikana, hasa presha ya turbo inapoongezwa. Hata hivyo, kushuku si kupima, na kazi ya kushusha injini haifanywi kwa kukisia.

Swali nililoanza nalo ni hili: gari linachemsha lini? Gari linalochemsha likiwa kwenye foleni na kupoa likianza kukimbia, mara nyingi lina tatizo la feni, kwa kuwa mwendo wenyewe ndio unaoliletea hewa. Langu lilikuwa kinyume. Kwenye foleni ya Waiyaki Way lilikaa kati ya 88 na 92 bila shida, ila likipewa mlima na mzigo joto lilipanda. Kwa hiyo nilizijaribu feni mara moja tu kwa kuwasha kiyoyozi, nikaona zote mbili zinazunguka, nikaziacha.

Gasketi nilizipima kwa kimiminika cha buluu kinachogeuka njano kikikutana na moshi wa injini uliopenya kwenye maji. Kipimo hiki hudanganya kikifanywa vibaya. Ufa mdogo wa gasketi unaweza kubaki umefunga injini inapozunguka bila mzigo, ukafunguka tu turbo inaposukuma, ndiyo maana nilipima asubuhi nikiwa nyumbani, kisha nikapima tena mara tu baada ya kupanda mlima. Mara zote mbili rangi ilibaki buluu. Pia niliiminya mipira ya rejeta alfajiri kabla ya kuwasha injini: ilikuwa laini, wala haikuwa na presha iliyolala humo usiku kucha. Mapovu aliyoyaona fundi yalitokana na hewa iliyobaki ndani maji yalipojazwa kwa haraka, kwani katika injini hii ni lazima maji yajazwe polepole kupitia tangi la juu lililo karibu na turbo, huku skrubu ya kutolea hewa iliyo juu ya rejeta ikiwa imefunguliwa.

Nilichokifuata hapo ni kifuniko cha tangi hilo la juu, kitu ambacho wengi hukidharau kwa sababu ni cha bei ndogo. Sisi tunaoishi nyanda za juu tunapaswa kukitazama kwa makini zaidi kuliko mtu wa Mombasa. Nairobi, maji yaliyo wazi huchemka kwa takriban digrii 94, na ukifika Limuru huchemka chini ya hapo, yaani katika joto ambalo injini nzima isiyo na kasoro hulifikia kila siku. Kinachoyazuia yasichemke ni presha inayoshikiliwa na kifuniko. Kifuniko cha tangi la juu la gari hili kimeandikwa 1.1, maana yake hushikilia presha ya baa 1.1 kupita ile ya hewa ya nje, na presha hiyo huyasukuma maji ya Nairobi yasichemke hadi yapite digrii 115. Nilipokifunga kwenye pampu ya kupimia presha, kilianza kuvuja kabla hakijafika 0.5. Mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka. Maji yakichemka ndani ya hedi hugeuka mvuke, na mvuke haubebi joto kama maji, hivyo chuma kinachozunguka vali kinazidi kuungua huku rejeta ikiwa haina kosa lolote.

Themostati, yaani vali inayofungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto, niliitoa na kuitia kwenye sufuria ya maji jikoni, pamoja na kipimajoto. Ilianza kufunguka ilipofika 78 na ikafunguka yote karibu na 91, kama inavyotakiwa, nikairudisha. Nasema nikairudisha kwa msisitizo, kwa sababu bado kuna mafundi wanaoitupa kabisa na kumwambia mwenye gari kwamba ameponywa. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, na kompyuta huendelea kuimwagia petroli ikidhani ndiyo kwanza imeamka.

Kifuniko kipya kilishusha joto la mlimani kutoka 108 hadi 103 hivi. Haikutosha, nami nikalala chini ya gari na tochi.

Hapo ndipo mabadiliko ya yule aliyeniuzia yalipojieleza. Hewa hupita panapopitika kirahisi. Intakula kubwa ilikuwa imekaa mbele ya kondensa ya kiyoyozi na rejeta, na kandokando yake kulikuwa na mianya ambayo mkono wangu ulipenya bila kugusa kitu, kwa hiyo hewa iliyoingia kwenye bampa ilizunguka pembeni badala ya kupenya kwenye rejeta, na ile kidogo iliyopenya ilikuwa tayari imepashwa moto na intakula. Zaidi ya hayo, plastiki kubwa ya chini ya injini haikuwepo. Watu wengi huamini kwamba kazi yake ni kuzuia matope tu. Gari likiwa kwenye mwendo, plastiki hiyo pia huzuia hewa ya barabarani isijae chini ya boneti; ikijaa humo, hewa iliyopita kwenye rejeta hukosa pa kutokea.

Nilikata karatasi za alumini, nikaziba mianya kutoka bampa hadi kingo za rejeta, nikamalizia kwa sponji ngumu, kisha nikanunua plastiki ya chini iliyotumika kwa wauza spea wa Kirinyaga Road. Mtaalamu wa kompyuta za injini alinithibitishia kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa ulikuwa sawa, ila muda wa cheche ulikuwa umecheleweshwa kupita kiasi, jambo linaloongeza joto kwenye ekzosi na hedi, akauwahisha kidogo. Nilimwaga maji yote yenye kutu, nikajaza kulanti, dawa ya kupozea injini, iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa kwa mvuke, nikaitoa hewa yote kwa subira.

Jumamosi iliyofuata nilirudi Mai Mahiu saa nane mchana, jua likiwa kali, nikaupanda mlima ule ule nyuma ya malori yale yale, nikiyapita kwa nguvu kila barabara iliporuhusu. Joto la juu kabisa lilikuwa 97, na nilipofika juu lilishuka hadi 90 kabla ya dakika mbili kwisha. Niliegesha, nikakichukua kile kimiminika cha buluu, nikapima kwa mara ya tatu. Kilibaki buluu.