Jeni tatu, promota moja

Miche yangu ya tumbaku ilininyamazia. Nilikuwa nimeipandikizia jeni tatu, kila moja na promota yake, yaani kipande cha DNA kinachoiwasha jeni, lakini zote tatu promota ileile: 35S, ile iliyotolewa kwenye virusi vya mozaiki vya koliflawa. Uvivu tu, ndiyo iliyokuwa kwenye friza. Kizazi cha kwanza kilipendeza. Kilichofuata, jeni ya pili ilizimika kabisa, ya tatu ikawa inasuasua.

Jeni zenyewe zilikuwepo, nilizipima. Mmea ndio uliozifunga mdomo. Ukirudia mfuatano uleule wa DNA, seli inaweza kuubandika alama za kemikali ziitwazo methili na promota ikalala. Ningekumbuka petunia za mwaka 1990! Watafiti waliongeza jeni ya rangi ili maua yawe ya zambarau iliyokolea, mengine yakatoka meupe pe.

Sasa nimebadili mbinu. Promota moja, na jeni zote tatu zimeungwa kwa kipande kifupi kiitwacho 2A, cha asidi amino 20 hivi, kilichotoka kwenye virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo. Ribosomu, mashine ya seli inayounda protini, ikifika hapo inaruka kiungo kimoja: protini ya kwanza inaachia, ya pili inaanza. Kasoro ni kwamba protini iliyotangulia hubaki na mkia wa 2A, na kimeng'enya changu cha kwanza hakitaki mkia hata kidogo. Nimekihamishia mwisho wa mnyororo. Vipande vya majani viko kwenye sahani za agari, leo siku ya nne.