Siku moja maishani mwangu: laptopu moja, kompyuta 40

Saa mbili kasorobo asubuhi. Kazi yangu ni kuhudumia kompyuta za watu nikiwa mbali nazo. Nawasha VPN (njia salama ya kuingia kwenye mtandao wao), naandika amri ya ssh (ya kuiendesha kompyuta nyingine kutoka mbali), na mara kidirisha cheusi kinaonyesha jina la seva ambayo sijawahi kuigusa kwa mkono. Jina hilo nalisoma kila ninapotaka kubonyeza Enter. Madirisha yote yanafanana, na amri ya kuzima haijui kama umekosea mashine. Naingia kwa ufunguo, yaani faili ya siri iliyo kwenye laptopu yangu, si kwa nywila. Zamani Telnet, iliyofanya kazi hii kabla ya SSH, ilipitisha nywila wazi kwenye waya. Tatu Ylönen aliiandika SSH huko Ufini mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake.

Saa tatu na nusu. Mhasibu anapiga simu, programu imegoma kufunguka. "Dada, funga kwanza usichotaka nikione, kisha bonyeza kukubali." Ningeweza kuingia bila kumuuliza, lakini skrini ya mtu ni kama droo ya meza yake. Windows inapodai idhini ya msimamizi, kwangu picha inaganda. Dirisha lile analiona yeye tu. Ananisomea, anabonyeza ndiyo, tunaendelea.

Saa tano. Kazi ninayoiogopa: kubadilisha fayawoli (sheria za kuruhusu au kuzuia mawasiliano) ya seva iliyo mbali. Ukikosea, umejifungia nje na ufunguo umebaki ndani. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote naandika:

shutdown -r +10

Yaani, baada ya dakika kumi jiwashe upya. Sheria mpya sijazihifadhi, hivyo mashine ikiwaka itarudi na zile za zamani. Naingiza sheria ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kishale kinaganda. Naandika herufi, haitokei. Nimefunga kila mlango kabla ya kuruhusu 22, mlango wa SSH. Moyo unadunda, ingawa najua nimejiwekea njia ya kurudi. Naiacha ping, amri ya kuuliza kama mashine iko hewani, ikiita bila kujibiwa. Dakika ya kumi inapita, ya kumi na moja, ya kumi na mbili, kisha jibu la kwanza linaingia. Narudia kazi, safari hii naanza na 22, najaribu kuingia kupitia dirisha la pili, ndipo naandika shutdown -c, kufuta agizo la kujiwasha upya.

Saa nane mchana. Masasisho ya kompyuta 40. Zilizolala naziamsha kupitia seva iliyo kwenye mtandao wao: pakiti yenye baiti sita za FF, kisha anwani ya MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya kompyuta husika ikirudiwa mara 16. Naanza na moja, halafu tano, halafu zilizobaki. Tatu haziamki. Pengine zimechomolewa umeme, na hapo laptopu yangu haina la kufanya; namwomba mtu aliyeko huko akaangalie.

Saa kumi na moja jioni. Nakala rudufu bado inaendelea ndani ya tmux, programu inayoiacha kazi iendelee kwenye seva hata nikiondoka, asilimia 62. Najitoa, nafunga laptopu. Huko iliko, seva inaendelea kunakili.