Anakula, lakini anakonda

Majibu ya damu ya Simba yamerudi, na nimeona niandike leo kabla ya mambo hayajanichanganyikia, kwa sababu kwa miezi kadhaa nimeishi na mbwa ambaye alikuwa akila kuliko wakati wowote wa maisha yake huku mwili ukimwisha. Simba ni German Shepherd dume mwenye umri wa miaka mitatu, aina ambayo hapa mtaani kwetu Arusha wengi humwita mbwa wa polisi. Mwanzoni mwa mwaka alikuwa na kilo 38. Wiki iliyopita, juu ya mizani ya magunia katika duka la pembejeo, alikuwa na kilo 30. Madaktari wa mifugo huhesabu kwamba mbwa akipoteza asilimia 10 ya uzito wake bila kupunguziwa chakula, jambo hilo linahitaji uchunguzi, na Simba alikuwa amepoteza zaidi ya asilimia 20. Mbwa mwenye manyoya mazito huficha kukonda, hivyo macho peke yake hayatoshi. Nilipopitisha vidole ubavuni mwake niliweza kuhesabu mbavu moja moja, na mifupa ya nyonga ilikuwa imechomoza kiasi kwamba alipolala sakafuni aligeuka kila mara kutafuta upande usiomuumiza.

Kila aliyemwona alinishauri nimwongezee chakula, na tulimwongezea: ugali wa dona, dagaa, mchuzi wa utumbo, mabaki ya nyama. Alimaliza vyote, akalamba sufuria, akaenda kufukua shimo la taka, na mwishoni akaanza kula hata kinyesi chake mwenyewe. Watoto walimwita mlafi. Mimi niliumia kumwona, maana ile ilikuwa njaa ya kweli, njaa ya kiumbe ambaye tumbo limejaa na mwili haupati kitu.

Daktari alipomwona, kabla hata ya kumgusa, aliuliza kama ana hamu ya chakula. Naamini hili ndilo swali ambalo kila mwenye mbwa anayekonda angepaswa kujiuliza kwanza, kwa sababu hugawa njia mara mbili. Mbwa anayekonda kwa kuwa hali chakula huchunguzwa meno, figo, ini, homa na uvimbe wa ndani. Mbwa anayekonda huku anakula huelekeza mawazo kwenye minyoo, kisukari (ambacho kwa kawaida huja na kiu kubwa na mkojo mwingi), utumbo usiofyonza chakula, au kongosho. Katika mazingira yetu, hata hivyo, hakuna anayeweza kuruka suala la kupe: kupe wa kahawia wa mbwa hueneza vijidudu vya Ehrlichia vinavyoshambulia chembe nyeupe za damu na kumdhoofisha mbwa polepole, na kwa mbwa wanaoishi karibu na mapori yenye mbung'o kuna pia ugonjwa wa nagana, ambao huweza kuyafunika macho kwa ukungu. Damu ya Simba ilitazamwa kwa hadubini kutafuta vijidudu hivyo, na kinyesi chake vilevile, kutafuta mayai ya minyoo ya safura. Hakuna kilichoonekana.

Niseme jambo moja hapa kwa msisitizo. Nilishauriwa na watu wenye nia njema nimchome sindano ya minyoo ya ng'ombe, ile ya ivermectin, na nilikataa. Baadhi ya mbwa, hasa wa jamii ya collie na wachache miongoni mwa German Shepherd, wamerithi kasoro inayoiruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo, na kipimo cha ng'ombe kinaweza kuwaua.

Kilichoelekeza uchunguzi ni kinyesi chenyewe. Kilikuwa kingi kupita kiasi, laini, cha rangi ya kijivu iliyopauka kama udongo wa mfinyanzi, chenye mng'ao wa mafuta juu yake. Nilikipiga picha na kupeleka kiasi kidogo katika chupa safi, na daktari alipokiona alisema tupime kongosho. Simba alilala bila chakula, asubuhi akatolewa damu kwa ajili ya kipimo kiitwacho TLI, kinachopima kimeng'enya cha kongosho kilichomo katika damu. Kiwango kilicho chini ya mikrogramu 2.5 kwa lita huthibitisha kwamba kongosho halitoi tena vimeng'enya vya kusaga chakula, na cha Simba kiko chini ya hapo. Katika aina yake hii, kinga ya mwili yenyewe hushambulia tishu za kongosho, na dalili hujitokeza pale ambapo takriban asilimia 90 ya uwezo wake imekwisha kupotea.

Hakuna tiba ya kuliponya kongosho hilo, lakini mbwa huishi vizuri akipewa vimeng'enya katika kila mlo, maisha yake yote. Unga wa vimeng'enya hivyo ni ghali na huagizwa kutoka nje. Njia nyingine ni kongosho bichi la ng'ombe, lililokatwakatwa, kama gramu 100 kwa kila kilo 20 za uzito. Halipikwi, kwa kuwa moto huharibu vimeng'enya, ila huweza kugandishwa kwenye friza kwa miezi. Muuza bucha alishangaa, akaniambia, "Mama, hiyo kila siku tunatupa." Nimemwomba aniwekee la ng'ombe aliyekaguliwa tu, kwa sababu viungo vibichi vyenye vifuko vya maji, hasa ini na mapafu, humwambukiza mbwa tegu ambaye mayai yake ni hatari kwa watoto wetu.

Leo Simba amechomwa pia sindano yake ya kwanza ya vitamini B12, kwani kongosho lililokufa humnyima mbwa uwezo wa kuifyonza. Daktari anatarajia kinyesi kibadilike kwanza, uzito ufuate baadaye, na tutampima kila wiki kwenye mizani ileile. Jirani aliyekuwa akisubiri watoto wa Simba nimemweleza kwamba hatazalishwa, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea katika ukoo, na amekubali bila kinyongo.