Farasi wa Tal kwenye kitanda cha dirishani

Jumanne na Ijumaa niko kwenye mashine ya kusafisha damu, masaa manne mfululizo, sindano mbili mkono wa kushoto. Nikiukunja kidogo tu, mashine inalia na nesi anakuja na yale macho yake. Kwa hivyo chesi nacheza kwa mkono mmoja, ubao mdogo wa sumaku ukiwa kati yangu na mzee wa kitanda cha dirishani, aliyeshona viatu Gikomba miaka mingi.

Yeye ndiye niliyemsimulia habari za Mikhail Tal, bingwa wa chesi wa zamani. "Figo zilimsumbua kama sisi, mzee. Na mkono wa kulia alizaliwa na vidole vitatu."

"Sasa kete alishika vipi?"

Alishika, na piano akapiga.

Tal ni mtu wa Riga, mji mkuu wa Latvia. Mwaka 1960, akiwa na miaka 23, alimng'oa Botvinnik kwenye ubingwa wa dunia. Mchezo wa sita ndio unaonikosesha usingizi. Hatua ya 21 Tal, mwenye kete nyeusi, anamweka farasi kwenye mraba wa f4, mbele ya kete ndogo inayoweza kumla bure. Ukumbi ulijaa kelele hadi wakahamishiwa chumba cha nyuma. Baadaye wachambuzi wakasema kafara ile ilikuwa na kasoro. Sawa, lakini wao walichambua polepole wakinywa chai. Botvinnik saa ilikuwa inamkimbia. Akapotea njia, akafungwa.

Mwaka uliofuata Botvinnik akalirudisha taji lake. Mwaka 1969 Tal akatolewa figo moja. Na hapo ndipo nampenda zaidi: kati ya 1973 na 1974, na figo moja iliyobaki, akacheza michezo 95 bila kufungwa!

Mei 1992 alitoka hospitalini Moscow kwenda kucheza chesi ya dakika tano, akamfunga Kasparov, bingwa wa dunia wakati huo. Tarehe 28 Juni akafariki. Mwisho huo sikumwambia mzee.

Ijumaa iliyopita nilikuwa na kete nyeusi. Nikamweka farasi f4.

Mzee akavua miwani, akaipangusa kwa shuka, akaivaa tena. "Huyu umemsahau hapa?"

"La, mzee. Nimemweka."

Akamla. Nikangoja apotee njia, lakini sisi hatutumii saa. Nesi alipofika kunitoa sindano, mzee alikuwa bado anauinamia ubao.

"Mfalme wako hana pa kwenda, kijana wangu."